Upekee ni wa Allah, si wa mwenye ghala

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mmoja wa pekee, asiye na mshirika katika ufalme Wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya kineno kidogo cha Kigiriki, na naomba usiharakishe kufunua ukurasa. Kineno chenyewe ni "mono". Asili yake ni "monos", maana yake ni peke yake, au kimoja tu. Waingereza wamekichukua na kukibandika mbele ya maneno mengi ambayo watoto wetu wanakutana nayo shuleni na sisi tunayasikia katika taarifa za habari: "monotheism", "monopoly", "monarchy", "monologue", "monogamy", "monk". Vijana wa sekondari ninaowasomesha dini jioni huniletea maneno haya mara kwa mara. Mmoja wao, wa kidato cha tatu, aliniuliza: "Ustadh, tauhidi si ndiyo monotheism? Sasa kwa nini tusome mwaka mzima kitu ambacho Mzungu amekimaliza kwa neno moja?"

Swali lile halikuwa la utovu wa adabu. Ni swali la kijana anayefikiri, na wapo watu wazima wengi wanaoamini hivyo hivyo bila kuuliza. Wanadhani kumaliza tauhidi ni kusema kwamba Mungu ni mmoja, basi. Wakishasema hivyo wanatoka msikitini, wanavaa viatu, wanakwenda dukani, ofisini au kwenye kikao cha kamati, na huko kila mmoja anajitafutia upekee wake. Makala hii nimeiandika kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya nafsi yangu kwanza.

TAUHIDI SI HESABU

Neno "monotheism" si la zamani sana. Kwa Kiingereza lilianza kutumiwa mwaka 1660 na Henry More, mwanafalsafa na mtu wa kanisa wa Cambridge, Uingereza. Ni neno linalotaja rai: kwamba mungu ni mmoja, si wawili wala watatu. Kwa kuainisha dini za watu vitabuni linafaa, na mwanafunzi aliandike kwenye mtihani wake bila wasiwasi.

Lakini tauhidi ni kitu kingine. Kwa Kiarabu linatokana na "wahhada", na maana yake ni kufanya kuwa kimoja, kupwekesha. Ni kitendo, na kila kitendo kina mtendaji. Asiyetenda hana tauhidi hata kama hesabu yake ni sahihi. Ndiyo maana masheikh wetu wa Kiswahili hawakuridhika kusema "kuamini Mungu mmoja", wakasema "kumpwekesha Allah".

Hebu tuwatazame washirikina wa Makka. Qur'an inatueleza, katika Surat Ankabut aya ya 61 na penginepo, kwamba lau wangeliulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi wangelijibu kuwa ni Allah. Jibu sahihi kabisa! Katika kuhesabu Muumba walipata moja, kama sisi. Pamoja na hivyo Allah aliwaita washirikina, kwa sababu walichokigawa ni haki za huyo Mmoja: kuombwa, kutegemewa, kuogopwa na kutiiwa.

Katika kitabu cha al-Fiqh al-Akbar, kinachonasibishwa na Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu), imeelezwa kwamba Allah ni Mmoja, na umoja huo si kwa njia ya hesabu bali kwa maana ya kutokuwa na mshirika. Baada ya moja ya hesabu huja mbili, lakini umoja wa Allah haufuatiwi na kitu. Na Surat Ikhlas, ambayo mtoto wa chekechea anaihifadhi, baada ya kumtaja Allah kuwa ni Ahad inamtaja papo hapo kuwa ni Samad, yaani anayekusudiwa na viumbe wote kwa haja zao ilhali Yeye hamhitaji yeyote.

Hapo ndipo penye fundisho, ndugu zangu. Anayeweza kuwa peke yake kwa haki ni yule asiyehitaji. Sisi tunahitaji maziwa tunapozaliwa, tunahitaji daktari tunapougua, na tunahitaji watu wanne wa kubeba jeneza tunapokufa. Kiumbe wa namna hii akijipa upekee katika jambo ambalo watu wanalihitaji, amejivika nguo isiyomkaa, na mara nyingi itawabana wengine. Nifahamike vizuri: sisemi kwamba kila mwenye tabia hii ni mshirikina. Kuwakufurisha watu si kazi yangu, wala si kazi ya gazeti. Ninachosema ni kwamba dhuluma nyingi tunazozilalamikia zinaanzia pale mja anapotaka kuwa "mono".

KUUZA PEKE YAKO

Chukua neno "monopoly". Ni "monos" na "polein", yaani kuuza: kuuza peke yako. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anasimulia habari za Thales wa mji wa Miletus. Bwana huyu alitabiri kwa nyota kwamba mizeituni itazaa sana. Wakati bado ni majira ya baridi akatoa arbuni ndogo ndogo na kukodi mashinikizo yote ya kukamulia mafuta, Miletus na kisiwa cha Chios, kwa bei ya chini kwa kuwa hakuna aliyeshindana naye. Msimu ulipofika watu wakayataka yote kwa mpigo, naye akawakodisha kwa bei aliyotaka. Alivuna fedha nyingi bila kupanda mzeituni hata mmoja.

Waswahili tunauita ukiritimba, na mtoto wake tunamwita ulanguzi. Fiqhi inauita ihtikari: kuzuia bidhaa ambayo watu wanaihitaji ili bei ipande. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alisema kwamba hafanyi ihtikari ila mtu mwenye makosa. Wanazuoni wakatofautiana juu ya mpaka wake. Mashafii wengi wameihusisha na vyakula. Imam Malik, na Abu Yusuf mwanafunzi wa Abu Hanifa, wakaipanua kwa kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Mkazi wa mjini anayenunua dawa, mafuta ya taa, maji na saruji ataona uzito wa kauli hii ya pili.

Mtume (s.a.w.) alikwenda mbali zaidi, akaziba hata vichochoro vinavyoelekea huko. Alikataza wafanyabiashara kutoka nje ya mji kuilaki misafara kabla haijafika sokoni, wakanunua mzigo kwa mtu wa shamba asiyejua bei. Leo hii madalali wanaolisubiri lori la viazi au la machungwa njiani kabla halijaingia sokoni hawana habari kwamba katazo lao lina zaidi ya miaka 1,400.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni ya Wagiriki na Wazungu. Katika mkataba wa mwaka 1839 baina ya Seyyid Said na Uingereza, biashara iliachwa huru isipokuwa pembe za ndovu na sandarusi kwenye sehemu ya pwani ya Mrima, ambazo zilibaki kuwa haki ya Sultani pekee. Karne moja baadaye, mwaka 1937, serikali ya kikoloni Zanzibar ilikipa chama kimoja udhibiti wa ununuzi wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaigomea, na Congress kule India ikaunga mkono kwa kuigomea karafuu ya Zanzibar, mpaka mwaka 1938 yalipofikiwa mapatano. Wenye majina ya Kiislamu na wenye majina ya Kikristo, wote wameonja utamu wa kuwa peke yao.

Najua mfanyabiashara mmoja atasimama na hoja. Atasema: Ustadh, bei ilipopanda Madina masahaba walimwomba Mtume (s.a.w.) aiweke, akakataa, akasema kuwa mpangaji wa bei ni Allah. Hoja hii ni sahihi, na hadithi yenyewe ni sahihi. Lakini isomwe yote: alikataa kwa kuwa alitaka kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Ikiwa bei imepanda kwa sababu mvua ni chache au wanunuzi ni wengi, kumlazimisha muuzaji ni kumdhulumu. Ikiwa imepanda kwa sababu mtu mmoja amefunga mlango wa ghala, aliyedhulumiwa ni mnunuzi. Ndiyo maana Ibn Taymiyya, katika kitabu chake juu ya hisba, alisema kiongozi anaweza kumlazimisha mwenye chakula asichokihitaji, wakati watu wana njaa, akiuze kwa thamani ya kawaida.

Na si kila mwenye akiba ni mlanguzi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Mkulima anayehifadhi mpunga wake, au muuza duka anayejaza stoo wakati bidhaa ni tele, hana dhambi madhali hajawabana watu. Mizani ni dhara.

Sasa tujiulize. Kila Ramadhani inapokaribia, kwa nini sukari inafichwa? Kwa nini tende, tambi na mchele vinapanda wiki ile ile ambayo milango ya Pepo inafunguliwa? Na kinachouma zaidi ni kwamba katika miji yetu wengi wa wanaouza futari ni Waislamu. Mtu anafunga mchana, anaswali tarawehe rakaa zote, anasikia Surat Ikhlas ikisomwa katika witri, huku funguo za ghala lililojaa zimo mfukoni mwa kanzu yake. Ulimi wake unampwekesha Allah, na bei yake inasema: hamna pa kwenda ila kwangu!

Dawa ya mkono wa serikali tumeiona. Wazee wanakumbuka mwaka 1983, Tanzania ilipoendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa zilikamatwa na watu waliwekwa ndani, lakini uhaba haukuisha. Ahueni ilianza kuonekana baada ya bajeti ya 1984 kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Msako unaweza kumtisha mlanguzi, lakini anayemvunja nguvu ni kufunguliwa kwa mlango wa pili.

Na mlango wa pili tulifunguliwa zamani na Sayyidna Uthman (r.a.). Waislamu walipohamia Madina, maji mazuri ya kunywa yalikuwa katika kisima cha Ruma, na mwenyewe alikuwa akiyauza. Mtume (s.a.w.) akahimiza: nani atakinunua akiweke kwa ajili ya Waislamu, apate bora kuliko hicho Peponi? Uthman akakinunua kwa mali yake, akakifanya waqfu. Hakupiga kelele wala hakumtusi mwenye kisima. Alinunua ukiritimba, akauua. Katika mitaa yetu ambako dumu la maji lina bei ya dhahabu wakati wa kiangazi, msikiti unaochimba kisima na kuweka bomba nje kwa kila mpita njia, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, unaifundisha tauhidi vizuri kuliko kipaza sauti.

MHURI, FAILI NA KIPAZA SAUTI

Kiswahili cha ofisini kimelipa neno ukiritimba maana ya pili: kuzungushwa. Njoo kesho, bosi hayupo, faili halionekani. Watu wa lugha huenda wakalalamika, lakini mimi naona wananchi wameelewa vizuri. Ukiritimba wa ofisini ni kuuza peke yako kitu ambacho si chako. Niliwahi kufuatilia karatasi moja katika ofisi ya umma kwa wiki tatu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mhuri, na mhuri ulikuwa ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu mmoja. Mtu yule si mfalme, lakini kwa wiki tatu alinitawala.

Neno "monarchy" lenyewe ni utawala wa mmoja. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa jina linalochukiza mno mbele ya Allah ni la mtu anayejiita mfalme wa wafalme. Na "monologue" ni mazungumzo ya mtu mmoja. Qur'an imetuonesha sura zote mbili za mtawala. Firauni aliwaambia watu wake kwamba hawaoneshi ila lile analoliona yeye. Naye malkia wa Sabaa, kabla hajasilimu, alipopata barua ya Nabii Suleiman (a.s.) aliwaita wakuu wake na kuwaambia kuwa hakati shauri bila wao. Angalia mwisho wao: wa kwanza alizama na watu wake, wa pili aliokoka na watu wake.

Mtume (s.a.w.), aliyekuwa akipata wahyi, alikuwa na haki kuliko sisi sote ya kuamua peke yake. Katika Uhud rai yake ilikuwa kubaki ndani ya Madina. Walio wengi wakataka kutoka, naye akatoka. Yakatokea yaliyotokea. Lau ingekuwa ni sisi tungesema: mmeona matokeo ya kushauriana? Lakini ni katika aya zilizoshuka juu ya vita ile ile, Surat Al Imran aya ya 159, ambapo Allah alimwamrisha awasamehe na aendelee kuwashauri. Na siku ya Hudaybiya, masahaba walipositasita kuchinja na kunyoa, aliyempa shauri lililotatua jambo alikuwa mkewe, Ummu Salama (r.a.), naye akalifuata.

Baada ya hayo, ndugu zangu, nani kati ya wenyeviti wa kamati zetu za misikiti ana udhuru? Tunawajua. Amekaa miaka ishirini. Funguo za sanduku la sadaka anazo yeye, daftari la mapato liko kwake, na mbaya zaidi hati ya kiwanja cha msikiti iko kabatini kwake nyumbani, kwa jina lake. Akiulizwa anasema ni uaminifu. Huenda ni mwaminifu kweli! Lakini mauti hayaangalii uaminifu. Siku akifa warithi wanafungua kabati, wanakuta hati yenye jina la baba yao, na waqfu wa Ummah unageuka kuwa kesi ya mirathi.

Kinga ipo, na si ngumu. Bodi ya wadhamini isajiliwe RITA, mali iandikwe kwa jina la bodi, mapato yasomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa, na saini za benki ziwe zaidi ya moja. Kufanya hivyo si kumshuku mzee wetu. Ni kumhifadhi yeye na warithi wake wasije wakala moto.

PEKE YAKO NYUMBANI

Maneno mawili yamebaki, nayo nitayapitia kwa ufupi. "Monk" ni mtawa, na asili yake ni mtu wa peke yake. Misri ndiko watawa wa Kikristo wa mwanzo walikojitenga jangwani. Allah ametaja katika Surat Hadid aya ya 27 kuwa utawa huo waliuzua wenyewe. Kwetu, swala ya jamaa imeizidi ya mtu peke yake kwa daraja 27. Hata kwenye ibada, tauhidi haikutuumbia upweke. Kwa hiyo jirani wa ghorofa ya juu unayekutana naye ngazini kila siku bila kumjua jina, mtafute.

Na "monogamy" ni ndoa ya mmoja. Kwenye neno hili wanaume wa Kiislamu tunajua nusu ya aya. Tunawasomea wake zetu wawili, watatu, wanne, kisha sauti inakatika. Aya ya 3 ya Surat Nisaa inaendelea kusema kwamba mkichelea kutofanya uadilifu, basi mmoja. Hapo mmoja ni amri kwa anayeijua nafsi yake. Mwanamume anayeoa wa pili huku wa kwanza hana kodi ya nyumba asisingizie Sunna.

NASAHA

Kwa hiyo, ewe mfanyabiashara, Ramadhani ijayo fungua ghala mapema, na faida utakayopunguza iandike kuwa ni akiba yako Akhera. Ewe mtumishi, mhuri ni amana. Ukienda likizo acha ufunguo. Ewe kiongozi wa msikiti, hati itoe kabatini ungali hai. Ewe mzazi, mwanao akirudi na neno "monotheism" mpongeze, kisha mfahamishe kwamba kulijua neno ni alama za mtihani, na kumpwekesha Allah ni kazi ya umri mzima, tena inayofanyika zaidi sokoni na ofisini kuliko darasani.

Tunamwomba Allah, Mmoja asiye na wa pili, atuondolee tamaa ya kuwa peke yetu katika vile alivyotupa tushirikiane, atufanye tuwe ndugu katika riziki kama alivyotufanya ndugu katika swala, na awarehemu wazee wetu waliochimba visima wakaviacha wazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.